Maswali ya Wasomaji: Kituo cha DS9, Picha Zenye Ukungu na Chombo cha Mabomba

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba kwenye ukoo mzima wa Star Trek, zile tamthilia za Kimarekani za safari za angani, inayomfaa zaidi mtu wa Kanda ya Ziwa si ile ya Nahodha Kirk wala ile ya Picard, bali Deep Space Nine, ambayo mashabiki huiita DS9. Sababu tuliyoitoa ni kwamba humo chombo hakisafiri, wanaosafiri ni watu. Kituo kimekaa mdomoni mwa njia ya mkato ya angani, na kinapokea wachuuzi, wakimbizi, mahujaji na wapelelezi kama mwalo wa Kirumba, Mwanza, unavyopokea kila aina ya mtu na kila aina ya mzigo. Barua zimekuja nyingi, nyingine za kutuunga mkono, nyingine za kutupopoa mawe. Tumechagua zile zenye swali ndani yake.

*Mhariri, nimefuata ushauri wenu nikaanza DS9 toka mwanzo. Nimefika episodi ya kumi na bado sijaona mnachokisifia. Nivumilie mpaka lini?* — Msomaji, Buzuruga

Usivumilie. Ruka. Msimu wa kwanza ulioanza Januari 1993 una episodi nyingi ambazo zingeweza kutokea kwenye chombo cha Picard bila mtu kugundua, na hizo ndizo zilizokuchosha. Tazama "Emissary", ile ndefu ya kufungulia, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kitu: Sisko, mkuu wa kituo, aliyefiwa na mkewe vitani na kubaki na mtoto wa kiume, sayari ya Bajor iliyotoka juzi tu mikononi mwa Wakardasia, na ile njia ya mkato. Kisha nenda moja kwa moja kwenye "Duet", ya pili kutoka mwisho wa msimu huo. Karibu yote ni mazungumzo ya watu wawili, Meja Kira aliyewahi kupigana msituni na mfungwa wa Kikardasia anayeshukiwa kwa maovu ya kambi ya kazi za lazima. Hakuna vita ya vyombo wala mzimu wa angani. Kama "Duet" haikukugusa, rudi kwa Picard kwa amani, hatutakulaumu.

Msimu wa pili chukua "The Wire" na ile ya kufungia, "The Jem'Hadar", ambapo adui mkubwa anajitokeza. Wa tatu chukua "The Search" zote mbili, kisha "Improbable Cause" na "The Die Is Cast", ambazo lazima zifuatane. Kuanzia "The Way of the Warrior" inayofungua msimu wa nne, Worf, yule Mklingoni wa chombo cha Picard, akishaingia kituoni, acha kuruka ovyo. Mwisho wa msimu wa tano, "Call to Arms", unafungua hadithi inayoendelea kwa episodi sita za mwanzo wa msimu wa sita, na anayeingilia katikati hataambulia kitu. Episodi kumi za mwisho wa msimu wa saba nazo zimeshikana vivyo hivyo.

Angalizo moja: fuata majina, usifuate namba. Tamthilia ina episodi tatu za urefu maradufu, na kuna wanaohesabu kila moja kama moja, wengine kama mbili. Ndiyo maana kuna anayekuambia jumla ni 173 na mwingine 176, na wote wana haki. Kwenye orodha moja "The Visitor" ni ya pili katika msimu wake, kwenye nyingine ni ya tatu. Hiyo, kwa njia, usiitazame ukiwa na haraka.

"Far Beyond the Stars" ya msimu wa sita inaweza kutazamwa hata na mtu asiyejua lolote kuhusu DS9. Sisko anajiona yuko New York mwaka 1953, ni mwandishi mweusi wa hadithi za sayansi magazetini, na mhariri wake hataki kuchapa hadithi yenye nahodha mweusi. Avery Brooks, anayeigiza Sisko, ndiye aliyeiongoza mwenyewe. Faida ya ziada ni kwamba waigizaji ambao miaka yote wamefunikwa sura kwa plastiki, kama yule wa Odo na yule wa Quark, humo wanaonekana na nyuso zao.

*Nimenunua TV ya inchi 43, nzuri kabisa, lakini DS9 inaonekana na ukungu na watu wamekuwa wanene. Ile ya Picard iko safi. Fundi anasema TV ni mbovu. Ni kweli?* — Msomaji, Kirumba

TV ni nzima, mwache fundi apumzike. Matatizo ni mawili na hayahusiani.

Ukungu umo kwenye picha yenyewe. Tamthilia za Picard, DS9 na Voyager (ile ya chombo kilichopotelea mbali na nyumbani) zote zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ambayo ni safi mno. Lakini baada ya kupigwa, filamu ilihamishiwa kwenye kanda za video za Kimarekani, na kazi iliyobaki, yaani kukata, kuunganisha, kuchanganya vyombo na miale, ikafanyikia humo. Kanda hizo zina mistari 480 tu ya picha. Kilichohifadhiwa kama episodi kamili ni ile kanda. Ya Picard iko safi kwa sababu wenye mali walirudi kwenye filamu za asili, wakaunganisha upya kila episodi kipande kwa kipande na kutengeneza upya michanganyiko, wakaitoa kwa Blu-ray kati ya 2012 na 2014. Kwa DS9 na Voyager kazi hiyo haijafanyika. Vipande vichache tu vya DS9 vilisafishwa kwa ajili ya filamu ya kumbukumbu ya mashabiki, na ukiviona utalia kwa kilichoachwa.

Ya Kirk ya 1966 ilinusurika kwa kuwa ya zamani: michanganyiko yake ilifanywa kwenye filamu hiyohiyo, kwa hiyo kuisafisha ni rahisi zaidi. Ndiyo maana tamthilia ya baba inang'aa kuliko ya mtoto.

Unene ni kosa la mpangilio. DS9 ilitengenezwa kwa kioo cha 4:3, na TV yako ya 16:9 imeivuta pembeni ili ijae. Uso unapanuka kwa theluthi nzima. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta ukubwa wa picha, weka 4:3. Utapata pande mbili nyeusi, na kwenye inchi 43 picha yenyewe itakuwa sawa na TV ya inchi 35. Iache hivyo. Kipimo rahisi ni sayari: ikiwa duara umepatia, ikiwa yai bado. Usitumie ile zuumu inayokata juu na chini, itakula paji la uso lenye matuta la kila Mklingoni.

Ukiwa humohumo kwenye menyu, shusha ukali wa picha mpaka karibu na sifuri. Watu huupandisha wakidhani wanaondoa ukungu, kumbe TV inachora mstari mweupe pembeni mwa kila kitu. Zima pia kile kinachoitwa kulainisha mwendo, maana kinaifanya episodi ifanane na taarifa ya habari. Kisha kaa mbali kidogo, mita tatu hivi.

Na kama unatazama kwa bando, usichague ubora wa juu kwa DS9. Hakuna cha ziada cha kuonyesha. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, episodi ya dakika 45 inakula takriban MB 340. Ukipandisha hadi megabiti 5 inakula zaidi ya GB 1.6, na tofauti utakayoiona ni ndogo mno kulinganisha na bei. Tunza bando lako kwa Picard.

*Shikamoo mhariri. Klabu yetu ya sayansi sekondari tunataka kutengeneza chombo cha Enterprise cha Kirk kwa vitu vya dukani. Tumejaribu kwa maboksi, mabawa yanaanguka. Tufanyeje?* — Wanafunzi, Nyegezi

Marahaba. Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, na vipimo vinawapendelea.

Mchoraji wake, Matt Jefferies, alikipa chombo urefu wa mita 289. Sahani ya mbele ina kipenyo cha mita 127. Zile injini mbili za juu zina urefu wa mita 153.6 na unene wa mita 18.3 kila moja. Tumbo la chini lina urefu wa mita 103.6 na unene wa mita 34. Sasa gawanyeni kwa 460. Injini zinakuwa na unene wa milimita 40 na tumbo milimita 74. Bomba la plastiki la milimita 40 na lile la 75 yapo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ombeni vipande vilivyobaki kwa mafundi bomba, mnahitaji vifupi tu.

Kateni mabomba mawili ya 40 yenye urefu wa sentimita 33.4 kila moja, na moja la 75 lenye urefu wa sentimita 22.5. Sahani ni mbili za plastiki zenye upana wa sentimita 27 au 28, zikifunikwa mdomo kwa mdomo. Msichukue za sentimita 30 kwa sababu tu zimepatikana, chombo kitakuwa na kichwa kikubwa. Msichukue za bati pia, mbele itakuwa nzito. Urefu wote utafika karibu sentimita 63. Mpira wa meza una kipenyo cha milimita 40, kwa hiyo ukiukata nusu unakaa sawasawa kwenye mdomo wa injini kama kuba. Mpira mmoja unatosha injini zote mbili.

Mabawa yenu yalianguka kwa sababu mliyabandika. Bomba ni duara, bawa ni bapa, vinagusana kwenye mstari mmoja mwembamba na gundi haina pa kushika. Tumieni ukanda mmoja wa alumini, upana milimita 25, unene milimita 3, urefu kama nusu mita. Ukunjeni uwe herufi V. Toboeni tundu mbili ndefu upande wa juu wa tumbo, karibu na nyuma, ili kona ya V ikae ndani ya bomba na mikono itokeze juu. Ndani, kona ishikwe na skrubu inayopita chini ya tumbo. Kwenye ncha za juu kunjeni sentimita tatu zilale sambamba na injini, kisha fungeni kila upande kwa skrubu mbili fupi zenye washa (pete bapa za chuma). Gundi iwe ya kuziba nafasi tu.

Kuhusu kupanga: midomo ya injini ianze karibu sentimita 1.7 nyuma ya ukingo wa nyuma wa sahani, na mdomo wa tumbo uingie kidogo chini ya ukingo huohuo. Shingo kateni kwa plaiwudi ya milimita 6. Kabla ya kutoboa tundu la stendi, kining'inizeni chombo kwa uzi na kuusogeza mpaka kilale sawa. Hapo ndipo stendi inapokaa, hata kama si katikati kwa macho.

Rangi huharibu kazi nyingi kuliko mabawa. Plastiki ya bomba inateleza, rangi inabanduka kama ganda. Sugueni kwa msasa namba 240, kisha 400, futeni kwa spiriti, pigeni praima, halafu kijivu chepesi cha kupuliza, mikono mitatu myembamba. Msipulizie jua la saa saba: rangi inakauka hewani kabla ya kufika na kuwa kama vumbi. Msipulizie jioni kando ya ziwa pia, maana wale wadudu wadogo wa ziwani wakivuma, chombo kitaota manyoya. Saa tatu asubuhi, ndani ya boksi kubwa lililolazwa ubavu. Na kama kuna sehemu mmeijaza kwa ile foamu nyeupe ya maboksi ya TV, rangi ya kupuliza itaiyeyusha. Ipakeni kwanza gundi nyeupe ya mbao, iacheni ikauke usiku kucha.

Taa: balbu ndogo ya LED nyekundu kwenye kila kuba, betri mbili za AA, na kila LED na rezista yake ya ohm 56. Bila rezista LED nyekundu haitadumu. Nyaya zitokeze upande wa kushoto na chombo kiwekwe upande wake wa kulia ukiwaelekea watu. Huko si kudanganya. Chombo kikubwa cha asili, chenye urefu wa mita 3.4, ambacho sasa kipo kwenye makumbusho ya anga huko Washington, nacho kilipigwa picha zaidi upande wa kulia, kwa sababu nyaya za taa zake zilitokea kushoto.

*Wanasema chombo cha Voyager kingetumia miaka 75 kurudi nyumbani. Hiyo hesabu imetoka wapi?* — Mwalimu wa hisabati, Nansio

Mwalimu, inakubalika nusu. Umbali uliotajwa ni miaka ya mwanga 70,000. Gawanya kwa 75, unapata kasi ya wastani ya mara 933 ya mwanga. Kwenye tamthilia za kuanzia 1987, wapu, yaani kipimo cha kasi ya vyombo, huhesabiwa kwa kupandisha namba yake kwa kipeo cha 10/3, mpaka wapu 9. Wapu 7 ni mara 656, wapu 8 ni mara 1,024. Kwa hiyo miaka 75 ni mwendo wa wapu 7 na ushei, bila kusimama hata siku moja. Chombo kinachosemwa kinaweza kufika wapu 9.975 kingewahi zaidi, lakini hakuna injini inayokimbizwa hivyo miaka yote.

Wanafunzi wako wape swali hili: Proxima Centauri iko miaka ya mwanga 4.24. Kwa Kirk, wapu ilikuwa namba yenyewe kwa kipeo cha 3, hivyo wapu 6 ni mara 216 na safari ni siku saba na kidogo. Kwa Picard, wapu 6 ni mara 392 na safari haifiki siku nne. Namba ni ileile, kasi siyo.

*Ni kweli Kiswahili kinasikika humo?* — Msomaji, Musoma

Ndiyo, kwa Luteni Uhura aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Tazama "The Man Trap", episodi ya kwanza kurushwa, Septemba 8, 1966, na "The Changeling" ya 1967. Tega sikio sana, lafudhi ni ya mtu aliyekariri karatasi.

*Tunarekodi vichekesho vyetu kwa simu. Tunataka mtu apotee kwa kumetameta kama wanaposafirishwa kwenda sayarini.* — Vijana, Bukoba

Mtambo ule wa kusafirisha watu ulibuniwa kwa sababu kutua na chombo kila wiki kungemaliza bajeti. Mmeto wenyewe ulikuwa unga wa alumini ukidondoka mbele ya giza huku ukimulikwa. Nyinyi msitumie unga wa alumini, unashika moto na unaingia kifuani. Glita ya dukani inatosha, vijiko viwili.

Fungeni simu kwenye stendi, rekodini mtu akiwa amesimama tuli sekunde tano, atoke, endeleeni kurekodi mahali patupu sekunde tano nyingine bila kugusa chochote. Kisha usiku, ndani, nyuma kitambaa cheusi kisichong'aa, taa moja ubavuni, mwaga glita taratibu kutoka juu ya fremu na urekodi kwa mwendo wa polepole wa fremu 120. Kwenye programu ya kuhariri, unganisha kipande cha mtu na kile kitupu kwa kufifisha sekunde mbili, weka glita juu yake kwa mchanganyo unaoondoa weusi, kisha ikate kwa barakoa (mask) ifuate umbo la mtu.

Itakayowaangusha ni simu kujirekebishia mwanga. Mtu akitoka, picha nzima inabadilika rangi na ujanja unaonekana. Bonyeza kioo na kushikilia mpaka kifunge mwanga na fokasi kabla ya kuanza. Nje, subirini wingu lipite lote au lisiwepo kabisa, na ning'inizeni mfuko wa mchanga kwenye stendi, upepo wa ziwa hauna adabu.

*Nina banda la kuonyesha mpira na sinema. Nataka kuweka usiku mmoja wa hii tamthilia, ikiwa imetafsiriwa na DJ. Watu watakuja?* — Mwenye banda, Sengerema

Ndugu, kwanza karatasi: kuonyesha kwa kiingilio kunataka kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya mwenye haki. Shughulikia hilo kabla ya kuandika bango.

Usianze na tuliyoyasifia juu. "Duet" ni maneno matupu, na DJ akiongea juu yake hakibaki kitu. Weka "The Trouble with Tribbles" ya Kirk, dakika 50, halafu "Trials and Tribble-ations" ya DS9, dakika 45. Ya pili ilitengenezwa 1996 kuadhimisha miaka 30, na waigizaji wa DS9 wamepachikwa ndani ya picha za ile ya 1967, wakipita nyuma ya Kirk na kupigana kwenye baa ileile. Watu wakiona ya kwanza, kicheko cha ya pili kinakuja chenyewe. Ukigeuza mpangilio hawataelewa.

DJ asitafsiri maneno ya mitambo. Sentensi nzima ya chembechembe na mawimbi aifanye "injini imegoma" na aendelee. Aitazame mara mbili akiwa peke yake, na anyamaze kwenye vita, watu wanataka kusikia milio. Anza saa moja na nusu ili umalize kabla ya mechi ya saa nne, la sivyo watakaokuwemo watakuwa wanaulizia matokeo.

*Shangazi ameniletea DVD zote za DS9 kutoka Uingereza, deki inazikataa.* — Msomaji, Igoma

Diski za Uingereza ni za kanda (eneo la mauzo) namba 2, na deki zinazotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, ni namba 5. Angalia nyuma ya boksi, namba imo ndani ya alama ya dunia. Tafuta deki isiyochagua kanda. Ukitumia kompyuta, jihadhari: kiendeshi cha DVD hukuruhusu kubadili kanda mara tano tu, na ya tano inabaki hivyo moja kwa moja. Kikikuuliza, chagua namba 2, halafu usiguse tena mpaka umalize msimu wa saba.